Injini Zina Namba, Watu Je?

Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama na wananchi wa Kawajense, Mpanda



Tumeombwa tuseme machache juu ya historia ya injini za gari la moshi zilizoleta abiria wa kwanza katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki. Huenda mtu akauliza: sisi watu wa Kawajense tuna shughuli gani na mashine za karne ya kumi na tisa, ambazo hata babu zetu hawakuziona? Shughuli tunayo. Sisi tunakaa jirani na stesheni ya mwisho ya reli. Mji wetu wa Mpanda ulikua kwa sababu reli ilifika hapa. Mtu anayekaa mwisho wa njia yafaa ajue njia yenyewe ilianzia wapi, nani aliitengeneza, na kwa faida ya nani.

Tena tunayo sababu nyingine, nayo ndiyo kiini cha maneno yetu ya leo. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tutaona kwamba wakubwa wa reli walikuwa na daftari zuri sana. Lakini tutaona pia ni nani aliyeandikwa katika daftari hilo na ni nani hakuandikwa.

INJINI YA HERUFI F

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Serikali ya Uingereza haikuwa na mfano wa reli ya namna hiyo katika sehemu hizi, ikaazima kila kitu kutoka Bara Hindi iliyokuwa ikiitawala. Ikaazima upana wa njia, yaani mita moja toka reli hadi reli. Ikaazima makarani, kanuni za kazi, hata fedha, maana mishahara ililipwa kwa rupia. Na injini vile vile ziliazimwa: nyingine zilikuja zikiwa zimekwisha tumika huko, na nyingine ziliagizwa mpya kwa mfano ule ule wa Bara Hindi.

Mfano uliotumika sana uliitwa kwa herufi F. Huko Bara Hindi injini za F zilikuwa zikitembea tangu miaka ya 1870, zikivuta treni za mchanganyiko, yaani mabehewa ya abiria na mabehewa ya mizigo katika msafara mmoja. Nyingi zilitengenezwa Uingereza. Lakini mwaka 1895 mafundi wa karakana ya Ajmer walitengeneza F moja kwa mikono yao toka mwanzo hadi mwisho. Ilipewa namba 734, nayo ndiyo injini ya kwanza iliyojengwa yote katika Bara Hindi. Imehifadhiwa mpaka leo katika nyumba ya makumbusho ya reli mjini New Delhi. Ndugu wanachama, kumbukeni jambo hili: watu waliokuwa wakitawaliwa walijenga injini yao wenyewe miaka 52 kabla ya uhuru wao wa mwaka 1947. Hapana ukweli katika maneno ya wale waliodai kwamba mashine ni akili ya taifa moja tu.

Sasa tueleze injini yenyewe, maana vijana wetu wengi wameona dizeli tu. Injini ya mvuke ni birika kubwa lililolazwa juu ya magurudumu. Nyuma liko jiko la moto. Moshi na joto la jiko hupita katika mabomba mengi yaliyozungukwa na maji, maji yanachemka, mvuke unajaa na kutafuta pa kutokea. Dereva akifungua njia, mvuke unaingia katika silinda, unasukuma pistoni mbele na nyuma, na pistoni inavuta fimbo za chuma zilizofungwa katika magurudumu. Ule mvuke uliokwisha fanya kazi hutokea katika dohani pamoja na moshi, na ndio unaofanya sauti ile ya kuhema.

Injini ya F ilikuwa ndogo. Ilikuwa na magurudumu sita, matatu kila upande, na yote sita yalisukumwa na mvuke. Faida yake ni kwamba uzito wake wote ulikandamiza reli, basi haikuteleza upesi mlimani. Hasara yake ni kwamba haikuwa na magurudumu madogo ya mbele ya kuiongoza katika kona, kwa hiyo haikufaa kwa mbio. Nyuma yake ilivuta behewa dogo la maji na kuni. Kwa miaka mingi reli ya Uganda, na baadaye reli yetu ya kati, zilitumia kuni. Kila kuni iliyoingia katika jiko lile ilikatwa na mtu, ikachukuliwa na mtu mpaka kando ya njia, ikapakiwa na mtu, na mtu mwingine akaitupa motoni, mchana na usiku, mbele ya joto linalochoma uso. Tunataka neno hili likae katika fikira zetu: nguvu ya mvuke ilianza na nguvu ya mikono.

NANI ALIHESABIWA?

Katika ujenzi wa reli ile waliletwa kutoka Bara Hindi wafanyakazi karibu 32,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na shida za kazi. Katika nyika ya Taru hapakuwa na maji, ilibidi treni zibebe maji kuwapelekea wajenzi. Mwaka 1898 huko Tsavo simba wawili walizuia kazi ya daraja kwa miezi kadhaa kwa kula watu. Ofisa aliyewaua, J. H. Patterson, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1907. Humo alitaja Wahindi 28 walioliwa. Kisha akasema kwamba waliliwa na Waafrika wengi pia, lakini hao hawakuwekewa kumbukumbu na serikali.

Ndugu wananchi, sisi hatumlaumu mtu mmoja kwa jambo hili. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kazi. Mhindi alikuwa na mkataba wenye jina na namba, kwa sababu nauli yake ya meli ililipwa na ilipasa irudi katika hesabu. Mwafrika aliyefyeka njia, aliyebeba mataruma, aliyechimba udongo, aliajiriwa kwa siku au kwa mwezi na kufukuzwa kwa neno moja. Kufa kwake hakukugharimu karatasi.

Lakini injini kila moja ilikuwa na namba yake. Iliandikwa ilitengenezwa wapi, lini, na kiwanda gani. Lini ilibadilishwa mabomba, lini iliingia karakana, lini iliuzwa kuwa chuma chakavu. Mpaka leo mtu akitaka kujua habari za injini iliyoletwa Mombasa zaidi ya miaka 120 iliyopita, atazipata. Akitaka kujua jina la kijana aliyekuwa akiichochea moto, hatalipata.

Liko jambo jingine linalowahusu wafanyakazi. Mwaka 1897 mafundi wa viwanda vya mashine huko Uingereza walidai saa nane za kazi kwa siku. Matajiri wakawafungia milango ya viwanda mpaka Januari 1898. Kwa ajili hiyo injini zilizoagizwa kwa reli ya Uganda zilichelewa, na baadaye wakubwa wakaagiza injini 36 kutoka kiwanda cha Baldwin, Marekani. Hivyo basi fundi wa Uingereza aliyesimama kudai haki yake alisimamisha kazi hata pwani ya Mombasa. Hilo laonyesha kwamba wafanyakazi wa dunia wameunganishwa na kamba moja, hata kama hawajuani kwa sura.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika Ziwa Viktoria, maili 582 toka Mombasa. Stesheni ya mwisho, ambayo leo ni Kisumu, ikaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mmoja wa wakubwa wa ujenzi. Hata jina la mahali pa wenyeji liliwekwa kando.

ABIRIA WA DARAJA LA TATU

Sasa tuje kwa abiria. Reli ile haikujengwa kwa ajili ya abiria wa Kiafrika. Ilijengwa ili askari wafike upesi katika ziwa na chanzo cha mto Nili, kabla mataifa mengine hayajafika, na ili bidhaa zipite. Mwaka 1907 Bwana Winston Churchill, wakati huo akiwa ofisa mkubwa katika Wizara ya Makoloni, alisafiri katika reli ile akiwa ameketi juu ya benchi lililofungwa mbele ya injini, ili aone wanyama vizuri. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alifanya vile vile. Mbele ya injini upepo ni safi. Moshi, masizi na cheche za kuni vilikwenda nyuma, na nyuma ndiko walikokaa wenye tiketi za daraja la tatu.

Lakini watu wetu walipanda. Walipanda wakiwa na kuku, vikapu, watoto na majirani. Walipanda kwenda kutafuta kazi, kwenda kuona wagonjwa, kwenda kuzika. Waliketi juu ya mbao, wakalipa nauli, na kwa kulipa nauli wakaifanya reli iliyotengenezwa kwa askari kuwa njia ya watu. Hili ndilo jambo ambalo wakubwa hawakuliweka katika mpango wao.

UPANDE WETU

Katika nchi yetu Wajerumani ndio waliotangulia. Walianza kujenga reli toka Tanga mwaka 1893, miaka mitatu kabla ya Waingereza kuanza Mombasa, na walitumia upana ule ule wa mita moja. Kazi ilikwenda polepole sana. Moshi waliifikia mwaka 1911. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule wa kuanza vita vya Maji Maji. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Njia iliyofuata ilikuwa karibu sawa na ile iliyokanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi kwa miaka mingi, wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na nguo kurudi bara. Watu hao hao ndio wengi wao walioshika majembe na sururu kuijenga.

Vita Kuu ya kwanza ilipokuja, Wajerumani walivunja madaraja na kuharibu injini wakati wakirudi nyuma mwaka 1916. Waingereza nao walijenga kipande cha njia toka Voi kwenda upande wa Moshi, na kwa sababu upana ulikuwa mmoja, reli za nchi mbili zikaungana. Mahali ambapo treni haikuweza kufika, walibeba watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu katika vita ambavyo havikuwa vyao, na wengi hawana kaburi lenye jina. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa kikosi chao cha wapagazi. Wengi wetu hutaja Kariakoo tukifikiri juu ya soko tu.

MAJINA JUU YA INJINI

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja. Injini ndogo za siku za F zilikuwa zimekwisha pitwa na wakati, yakaja majitu makubwa yaitwayo Garratt. Makubwa kabisa, yaliyoletwa mwaka 1955 na 1956 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester, yalikuwa 34, kila moja na uzito wa tani 252, nayo yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Injini nyingine za miaka ile zilipewa majina ya makabila yetu. Moja, namba 3020, iliyojengwa Glasgow mwaka 1955, iliitwa Nyaturu, jina la ndugu zetu wa Singida. Imo katika makumbusho ya reli ya Nairobi.

Lakini liko kundi jingine la Garratt, injini 29 za mwaka 1953 na 1954. Hizo zilipewa majina ya magavana. Kila zilipopita katika stesheni zetu zilipita na jina la mtawala limeandikwa ubavuni kwa herufi za shaba. Nchi zetu zilipopata uhuru vibao vile viling'olewa. Ilikuwa haki ving'olewe. Hata hivyo sisi tunauliza: baada ya kung'oa kibao cha gavana, tuliandika jina la nani mahali pake? Dereva yupi? Mchochea moto yupi? Mwenye genge yupi aliyetembea kwa miguu kila asubuhi, na nyundo begani, akipima misumari ya reli ili abiria wasife?

Tusisahau kwamba kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kushika usukani wa injini. Vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu, vya kati vilikuwa vya Waasia, na Mwafrika alibaki kuchochea moto, kufagia na kubeba. Aliijua injini kuliko aliyempa amri, lakini mshahara haukuhesabu ujuzi wake, ulihesabu rangi yake. Mwaka 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam uliwafikia wafanyakazi wa reli na kupanda na njia ya reli kuingia bara. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Watu hao walikuwa na watoto wa kulisha, na walijua wanachokihatarisha.

RELI YETU YA MPANDA

Na mwaka huo huo wa 1947 ndipo ilipoanza kujengwa reli yetu, toka Kaliua kuja Mpanda, kilometa 210. Ilimalizika mwaka 1950. Kwa nini ilijengwa? Tusidanganyane. Haikujengwa ili mama wa Kawajense apeleke mahindi sokoni. Ilijengwa kwa sababu madini ya risasi yalionekana hapa, na kampuni ya machimbo ilitaka kuyatoa. Mwaka 1960 machimbo yale yakafungwa. Miaka kumi tu baada ya reli kufika, ile sababu ya reli ikawa imekwisha.

Hapo kwa hesabu ya mkoloni reli ingeng'olewa na chuma kikauzwa. Nani aliiokoa? Aliiokoa abiria. Aliiokoa mkulima wa mahindi na tumbaku. Aliiokoa mwanafunzi anayekwenda Tabora, mgonjwa anayekwenda hospitali, mfanyabiashara mdogo mwenye magunia mawili. Kama ilivyokuwa Mombasa siku za injini za F, ndivyo ilivyokuwa hapa: njia ilikuja kwa ajili ya kitu kingine, watu wakaigeuza kuwa yao kwa kuipanda. Mvuke umekwisha, imekuja dizeli. Shirika la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 na nchi yetu ikawa na shirika lake. Njia ya mita moja kutoka Kaliua bado ipo, na watu wake bado wapo.

Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, katika njia mpya pana zaidi, nazo hukimbia kilometa 160 kwa saa. Sisi twafurahi. Mwananchi wa leo anastahili kitu bora kuliko mbao na masizi. Lakini furaha isitufanye turudie kosa la zamani. Kitabu cha injini mpya kitaandikwa vizuri. Hapana shaka juu ya hilo. Je, kitabu cha watu?

TUFANYE NINI?

Ndugu wanachama, hatukuja hapa kulia juu ya mambo yaliyopita. Tumekuja na ombi, na ombi letu ni dogo, lakini halingoji.

Kwanza, Kawajense tufungue daftari. Kila mzee aliyefanya kazi ya reli, awe dereva, mchochea moto, gadi, karani wa tiketi, mtu wa pointi, au mtu wa genge, jina lake liandikwe: alianza lini, alifanya kazi stesheni gani, aliumia wapi, alilipwa nini. Na wale waliokwisha kufa, wajane na watoto wao waulizwe. Akina mama waliokuwa wakiuza uji na ndizi madirishani nao waandikwe, maana bila wao abiria wa daraja la tatu wangesafiri na njaa.

Pili, vijana wetu waliosoma ndio washike kalamu. Msingoje mgeni aje na kamera kutafuta injini zilizokufa. Wageni wengi huja kupiga picha chuma. Ninyi andikeni watu.

Tatu, sisi abiria tujue haki yetu na wajibu wetu. Behewa likiwa chafu tuseme. Treni ikichelewa tuulize sababu. Lakini pia tusing'oe msumari wa reli kuuza chuma chakavu, tusipande bila tiketi, tusilishe ng'ombe juu ya tuta. Mtu anayeiba msumari mmoja anamwibia mgonjwa anayesubiri kupelekwa Tabora.

Injini ya F iliyokuja Mombasa ilikuwa na namba, na kwa sababu hiyo habari zake hazikupotea. Kijana aliyeichochea moto alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, nalo limepotea. Wa kwetu hapa Mpanda baadhi yao wangali hai, na wengine wameketi nasi katika mkutano huu. Tukitoka hapa jioni hii, tuanze na hao.